Nyumba ya Mawe na Nyumba ya Udongo

Msomaji, ukipata nafasi ya kufika katika mji wa Meru, ulio katika miteremko ya kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya, usiache kuingia katika Jumba la Makumbusho. Jengo lenyewe ni la mawe, nalo ndilo jengo la mawe lililo la kale kuliko yote mjini. Lilijengwa mwaka wa 1916 liwe afisi ya Mkuu wa Wilaya, ambaye siku zile watu walizoea kumwita Bwana Shauri. Na mwaka wa 1974 likafanywa makumbusho. Katika ua wake utaona boma la Kimeru la desturi: nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi, za namna waliyokaa wazee wetu kabla ya kuja kwa Wazungu.

Hapo yafaa usimame kidogo, ufikiri. Nyumba ya mawe ni ile ile iliyosimamishwa mwaka wa 1916. Kuta zake zimeshinda mvua za zaidi ya miaka mia moja. Nyumba za nyasi si za zamani hata kidogo. Zimejengwa ziwe mfano tu, kwa maana nyumba ya namna hiyo haikai miaka mia. Mgeni aweza kutoka pale akisema moyoni, "Mzungu alijua kujenga, na wazee wetu hawakujua." Neno hilo nimelisikia mara nyingi darasani, pengine pamoja na kicheko, kutoka vinywani mwa wanafunzi ambao nyanya zao walizaliwa katika nyumba za udongo. Insha hii imeandikwa ili kulijibu.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Nyumba ya mawe hudumu kwa mawe yake. Nyumba ya udongo hudumu kwa elimu ya wajenzi wake. Ya kwanza ikiachwa peke yake husimama. Ya pili ikiachwa peke yake huanguka, lakini palipo na watu wanaojua kuijenga, huinuka tena katika kila kizazi. Basi urithi tulioachiwa si miti na nyasi, wala si umbo la mviringo. Ni hesabu waliyoipiga wazee juu ya jua, mvua, baridi na misitu. Hesabu hiyo ndiyo iliyo katika hatari ya kupotea, nayo ndiyo tunayoihitaji leo.

Na tuanze kwa kuitazama nyumba yenyewe. Wanaume walikata nguzo na fito, wakachimba mashimo kwa kufuata duara iliyochorwa chini, wakasimamisha nguzo na kuzifunga fito kwa kamba za maganda ya miti. Juu waliweka makombamoyo yaliyokutana kileleni. Wanawake walikata nyasi na kuzileta kwa matita, na kuta zikakandikwa udongo. Kazi haikuwa ya mtu mmoja; jamaa na majirani walikusanyika, na mwenye nyumba akawaandalia chakula na kinywaji. Kwa hiyo kijana alikuwa amekwisha kushiriki katika ujenzi wa nyumba nyingi kabla hajajenga yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya ujenzi katika nchi ya Meru na ya Embu, na karo yake ilikuwa jasho.

Sasa chukua kalamu na karatasi, uyapime mambo haya mwenyewe. Chora nyumba ya mraba yenye sakafu ya mita za mraba 16. Kila upande una mita 4, na urefu wa kuta zote nne ni mita 16. Kisha chora duara yenye sakafu ya ukubwa ule ule. Utaona kwamba ukuta wake una urefu wa mita 14 na kidogo tu. Yaani kwa nafasi ile ile ya kulala, mwenye nyumba ya mviringo huokoa zaidi ya sehemu moja katika kila sehemu kumi za ukuta: hukata nguzo chache zaidi, huchimba udongo kidogo zaidi, na tena hupunguza ukuta unaopitisha baridi ya usiku. Wazee hawakuijua hesabu hiyo kwa tarakimu. Waliijua kwa mikono yao.

Tazama na paa. Liliinuliwa mwinuko mkali ili maji ya mvua yateremke upesi kabla hayajapenya katika nyasi, na upenu wake ulishuka chini mbali na ukuta, kwa sababu adui mkubwa wa udongo ni maji. Udongo mnene una tabia njema: hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Mchana, jua liwakapo, ndani huwa baridi. Usiku, umande unaposhuka kutoka mlimani, ukuta hurudisha joto ulilolipokea. Katikati ya nyumba uliwaka moto baina ya mafiga matatu. Moshi wake ulipanda ukapita katika nyasi, ukazikausha nguzo na fito, na kuwafukuza wadudu wanaokula miti. Hivyo moto ule ule uliopika chakula uliihifadhi nyumba.

Lakini tusiwasifu wazee kwa mambo ambayo wao wenyewe wangeyalalamikia. Moshi ule ulioihifadhi miti uliwaumiza watu macho na vifua, hasa akina mama na watoto waliokaa karibu na jiko. Ndani palikuwa na giza, kwani madirisha hayakuwapo. Panya walipenda nyasi, na cheche moja iliweza kuiteketeza nyumba nzima kwa muda mfupi. Mtu asemaye kwamba turudi katika nyumba ile kama ilivyokuwa, aghalabu ni mtu ambaye hajapata kulala ndani yake. Sisi twataka kuchukua akili yake, na taabu yake tuiache.

Kuna jambo jingine katika hesabu ile. Nyumba haikusimama peke yake. Mke alikuwa na nyumba yake na ghala yake ya nafaka. Katika Embu mwenye mji alikuwa na thingira, nyumba ya wanaume, ambamo wavulana walifundishwa maneno ya ukoo. Katika Meru vijana walinzi wa nchi walilala pamoja katika gaaru. Kila jengo lilikuwa na kazi yake na mafunzo yake. Tena miti ya kujengea haikukatwa ovyo ovyo. Misitu mingine ilikuwa mitakatifu, kama ule wa Giitune ulio karibu na mji wa Meru, na mti wa mugumo haukuguswa na shoka. Juu ya Wameru lilisimama baraza la wazee liitwalo Njuri Ncheke, ambalo mahali pake pakuu pa kukutania ni Nchiru, na hukumu zake ziliogopwa. Kwa hiyo nyumba ya udongo ilikuwa na sheria nyuma yake. Aliyejenga leo aliacha miti kwa ajili ya atakayejenga kesho.

Je, elimu hiyo ilipoteaje? Wengi hudhani ilitupwa kwa sababu watu walipata kitu bora. Kwa sehemu ni kweli. Lakini historia yatuonyesha kwamba watu hawakuiacha kwa hiari tupu.

Kwanza ilikuja kodi. Katika mwaka wa 1901 Serikali ya Kiingereza iliweka kodi ya nyumba katika nchi iliyoitwa wakati ule Himaya ya Afrika ya Mashariki. Kituo cha serikali kilifunguliwa Embu mwaka wa 1906, na mwaka wa 1908 E. B. Horne, ambaye watu walimpa jina la Kangangi, akaweka kituo cha Meru. Kodi ilihesabiwa kwa nyumba. Mtu mwenye wake watatu, na kila mke na nyumba yake, alitakiwa alipe kwa kila moja. Hebu fikiri, msomaji, mzigo huo ulikuwa na maana gani. Nyumba, iliyokuwa alama ya heshima ya mke na utimilifu wa mji, iligeuka kuwa deni. Mahali pengi katika Kenya watu walisongamana wengi katika nyumba moja ili kodi ipungue. Ndipo Mwafrika alipoanza kujifunza kwamba nyumba zake zina hasara.

Pili zilikuja misheni. Wamethodisti walianza kazi yao Kaaga, karibu na Meru, mwaka wa 1912, na mwaka wa 1922 misheni ya Kanisa la Scotland ikafunguliwa Chogoria. Zilileta shule na hospitali, na hatuna budi kushukuru kwa mema hayo. Lakini pamoja nayo zilileta nyumba ya pembe nne. Msomi na Mkristo alijulikana kwa shati lake na kwa pembe za nyumba yake. Hata baada ya imani kuenea kwa watu wote, wazo hilo lilibaki: pembe nne ni maendeleo, na mviringo ni ushenzi.

Tatu zilikuja fedha za kahawa. Katika miaka ya 1930 serikali ilianza kuwaruhusu Waafrika kupanda kahawa, na Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kupewa ruhusa hiyo. Mkulima aliyeuza kahawa aliweza kununua mabati. Mabati hayavuji yakipigiliwa vizuri, hayaungui upesi kama nyasi, na maji yake ya mvua hukingwa yakawa safi ya kunywa. Mama aliyekuwa akishuka mtoni kwa mtungi hakuhitaji kuelezwa faida hiyo. Hapo watu walichagua kwa akili yao, na uchaguzi wao ulikuwa mwema.

Nne, na hili ndilo lililokuwa chungu kupita yote, yalikuja mabavu. Hali ya hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1952, kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Katikati ya mwaka wa 1954 serikali iliamuru watu waondolewe katika miji yao iliyotawanyika juu ya vilima, wakusanywe katika vijiji vilivyolindwa na askari. Katika muda wa miezi kumi na minane hivi, zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wakikuyu na Waembu, waliwekwa katika vijiji zaidi ya 800. Wameru nao hawakusalimika. Nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto. Mpya zilijengwa kwa haraka, nyingi kwa mikono ya wanawake ambao waume zao walikuwa kizuizini au msituni, nazo zikapangwa safu kwa safu, zimebanana, na handaki limezunguka kijiji. Zilikuwa za udongo na nyasi vile vile, lakini hazikuwa nyumba zile. Thingira haikuwapo, wala ghala mahali pake, wala nafasi ya kuchagua upande wa upepo. Umbo lilibaki, na hesabu ikaondolewa. Mtoto aliyekulia pale aliijua nyumba ya nyasi kama nyumba ya kifungo. Wakati watu waliporudi katika mashamba yao yaliyokwisha kupimwa upya, ni nani angewalaumu kwa kutaka mabati na pembe nne?

Mwisho ilikuja sheria, na baada yake upungufu. Kanuni za ujenzi za mwaka wa 1968, ambazo Kenya iliyokwisha kupata uhuru ilizifuata kwa zaidi ya nusu karne, zilichukua mfano wake kutoka Uingereza, na mjini nyumba ya udongo haikuhesabiwa kuwa nyumba. Nayo misitu, iliyokuwa chini ya macho ya wazee, ilikatwa. Mwaka wa 1999 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilirusha ndege juu ya Mlima Kenya na misitu ya Imenti, na wachunguzi wakaona kwa macho uharibifu mkubwa wa miti ya asili, mkafuri ukiwa mmojawapo. Hata mtu akitaka leo kujenga kama babu yake, nguzo atazikata wapi?

Basi tumefika katika njia panda. Nyuma hatuwezi kurudi, maana miti haipo na wakati umebadilika. Lakini huku mbele tulikokwenda nako kuna taabu zake. Ingia katika chumba cha mabati yasiyo na dari saa nane ya mchana, huko Tharaka au Mbeere penye joto, uone kama utaweza kusoma kitabu. Mvua ya masika ikinyesha, mwalimu hunyamaza, maana sauti yake haisikiki. Usiku, katika miteremko ya juu, joto lote hutoka mara moja, na watoto hutetemeka. Tena saruji huokwa katika tanuri yenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vya saruji duniani hutoa kadiri ya sehemu saba au nane katika kila mia ya hewa ya ukaa inayotokana na kazi za wanadamu. Nasi tulio chini ya mlima ambao barafu yake inayeyuka mbele ya macho yetu hatuwezi kusema kwamba jambo hilo halituhusu.

Wako waonao shida hii, nao wakatafuta njia fupi. Hujenga nyumba ya saruji tupu, wakaifanya mviringo, wakaweka nyasi juu yake kwa ajili ya wageni wapiga picha, wakasema wamehifadhi utamaduni. Huo ni utamaduni wa kuvaa siku ya sikukuu. Wamechukua umbo na kuacha akili, kinyume cha lile tunalolitaka.

Njia iliyo ya kweli imekwisha kuonyeshwa na Mwafrika mwenzetu. Francis Kéré alizaliwa mwaka wa 1965 katika kijiji cha Gando, nchi ya Burkina Faso, akaenda Ujerumani kusomea ujenzi. Alipotaka kuwajengea watu wa kwao shule ya udongo, wengine walikuwa na mashaka, maana waliona udongo mvua zikiubomoa kila mwaka. Hakuwabeza. Alichukua udongo wa pale pale, akauchanganya na saruji kidogo, ukashindiliwa kuwa matofali yasiyochomwa moto. Juu aliweka dari ya matofali, na juu ya dari, kwa kuacha nafasi, akaliinua paa la mabati lenye upenu mpana. Hewa ya moto hutoka kwa nafasi hiyo, na darasa hubaki baridi. Shule ilimalizika mwaka wa 2001, nao wanakijiji wenyewe ndio walioshika kazi. Mwaka wa 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kupita zote katika kazi ya ujenzi, akawa Mwafrika wa kwanza kuipata. Hapa Kenya alijenga chuo cha vijana huko Turkana, kilichomalizika mwaka wa 2021, chenye minara mirefu inayotoa hewa ya moto. Na mfano wake aliupata kwa mchwa, katika vichuguu vya nchi ile.

Zingatia kwamba hakuyakataa mabati, wala hakuukataa udongo. Aliyapa mabati kazi wanayoiweza, ya kuzuia mvua, na udongo akaupa kazi unaoiweza, ya kutunza joto na baridi. Wala hakulazimisha mviringo. Alichohifadhi ni ile hesabu.

Nasi Meru na Embu tungepiga hesabu gani? Mstari wa ikweta unapita karibu kabisa na mji wa Meru, na Embu iko kusini yake kwa mwendo mfupi. Kwa hiyo jua hupita karibu na utosi mwaka mzima: asubuhi hupiga ukuta wa mashariki, jioni hupiga wa magharibi. Basi nyumba yetu na ielekeze pande zake nyembamba mashariki na magharibi, na madirisha yake kaskazini na kusini. Upenu na uwe mpana kama wa wazee. Chini ya mabati pawe na dari na nafasi ya hewa. Jiko liwe na bomba la kutoa moshi, ili mama asilipe kwa macho yake bei ya kuihifadhi nyumba. Maji ya paa yakingwe. Na kuta ziwe za udongo wetu wenyewe, ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono pamoja na saruji kidogo, pasipo kukata hata mti mmoja kwa kuchoma matofali.

Udongo nao una elimu yake. Ule mwekundu wa miteremko ya mlima una ufinyanzi mwingi. Ukikauka hupasuka, na kwa hiyo huhitaji kuongezewa mchanga. Waweza kuujaribu mwenyewe. Tia udongo katika chupa nyeupe, ongeza maji, tikisa, kisha uache utulie hata kesho yake. Mchanga utakuwa chini, na ufinyanzi juu, nawe utaona kwa macho kiasi cha kila kimoja. Nyanya yako hakuhitaji chupa. Aliubinya udongo mkononi, akajua.

Na hilo ndilo neno ninalotaka uondoke nalo, ewe msomaji kijana. Jengo la mwaka wa 1916 litakungoja. Mawe hayana haraka. Lakini wale wanaojua ni udongo gani haupasuki, ni nyasi gani hudumu, na kwa nini mlango ulielekezwa upande fulani, ni wazee sana, na kila mwaka hupungua. Ukienda nyumbani likizo hii, usiwaulize hadithi za vita peke yake. Waulize jinsi nyumba yao ilivyojengwa, nawe uandike. Ukilifanya hilo, siku moja utakapojenga nyumba yako, hata ikiwa ya pembe nne na mabati, wazee hao watakuwa wameshiriki kuijenga.